Fort Laramie: ngome isiyo na ukuta na mkataba ambao bado una nguvu

Mgeni anayefika Fort Laramie kwa mara ya kwanza huutafuta ukuta. Sinema zimetuzoesha ngome za magharibi ya Marekani zenye boma la magogo yaliyochongwa ncha, lango zito la mbao, na askari wanaofyatua risasi kutoka juu ya mnara. Hapa hakuna kitu cha namna hiyo. Kuna uwanja mpana wa gwaride, nyumba za maofisa zilizopangwa kuuzunguka, bweni la askari wa farasi, duka la zamani, na magofu ya kuta za zege ya chokaa yaliyosimama kwenye majani. Jeshi la Marekani lilikaa mahali hapa kuanzia 1849 hadi 1890 bila kuzungushia kituo chake ukuta, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kukizingira.

Hata hivyo, kama kuna mahali pamoja palipoamua nani atamiliki nyika za kaskazini mwa Marekani, ni hapa. Mikataba miwili mikubwa kati ya serikali ya Marekani na mataifa ya wenyeji wa nyika hizo inaitwa kwa jina la kituo hiki: wa 1851 na wa 1868. Watu huichanganya, na wakiichanganya hawaelewi kwa nini kesi iliyotokana na mkataba wa pili ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1980, wala kwa nini walioshinda kesi hiyo walikataa kuchukua fedha. Tuanze mwanzo.

Lilikuwa duka kabla halijawa kambi

Kituo kipo pale Mto Laramie unapoingia katika mto North Platte, kusini-mashariki mwa Wyoming. Mwaka 1834 wafanyabiashara wawili, William Sublette na Robert Campbell, walijenga hapo boma dogo la magogo wakaliita Fort William. Shida yao haikuwa vita. Walitaka ngozi za nyati wa Marekani, na wenye ngozi walikuwa mataifa ya wenyeji: Walakota, Wacheyenne na Waarapaho. Boma likawa mahali pa kubadilishana: ngozi zikaingia, na blanketi, shanga, visu, bunduki, tumbaku na pombe zikatoka. Muda si mrefu Walakota wengi wakasogea upande huu wa nyika kwa sababu ya biashara hiyo. Mwaka 1841 magogo yakiwa yameanza kuoza, kampuni ya American Fur Company, iliyokuwa imelirithi boma, ilijenga jingine la matofali mabichi ya udongo na kuliita Fort John. Watu waliendelea kuliita Laramie, kwa jina la mto.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Kwa miaka 15 ya mwanzo, wageni waliokaa hapa walikaa kwa ridhaa ya wenyeji, kwa sababu pande zote mbili zilikuwa zinapata faida. Wafanyabiashara wengi walioa wanawake wa Kilakota, na wakwe zao walipiga mahema jirani na boma. Watoto wa ndoa hizo ndio waliokuja kuwa wakalimani.

Kilichobadilisha mambo ni barabara. Kuanzia miaka ya 1840 familia za Wamarekani weupe zilianza kuvuka nyika kwenda Oregon. Mwaka 1847 wakapita Wamormoni kuelekea bonde la Utah, na dhahabu ilipogunduliwa California, njia ikafurika. Wote hao walipita hapa, kwa sababu bonde la Platte ndilo lililokuwa na maji na njia tambarare kuelekea milimani. Mwaka 1850 peke yake walipita watu wanaokadiriwa kufika 50,000, na magari yao ya kukokotwa na maksai. Hawakuwa wakikaa, ni kweli. Lakini mifugo yao ilimaliza majani pembezoni mwa mto, kuni zikaisha, nyati wakahama njia zao, na kipindupindu walichokuja nacho kiliingia katika kambi za wenyeji na kuua watu ambao hawakuwahi kugombana na mzungu yeyote.

Tarehe 26 Juni 1849 jeshi lilinunua boma kwa dola 4,000. Kazi iliyotajwa ilikuwa kulinda wasafiri. Maofisa walichora mipango ya ukuta, lakini gharama ilikuwa kubwa na haja haikuonekana, kwa hiyo wakajenga nyumba wazi. Nyumba ya kwanza ya maofisa, ya ghorofa mbili na veranda mbele, bado imesimama. Inaitwa Old Bedlam, na ndilo jengo la kijeshi la zamani kuliko yote yaliyobaki Wyoming.

Mkataba wa kwanza: ruhusa ya kupita

Septemba 1851 watu wapatao 10,000 wa mataifa ya nyika walikusanyika kwa mwito wa serikali. Farasi wao walikuwa wengi mno kwa majani yaliyobaki kituoni, kwa hiyo mkutano ulihamishwa kilomita kama 56 chini ya mto, kwenye kijito cha Horse Creek. Mkataba wa Fort Laramie wa 1851, basi, haukutiwa saini Fort Laramie.

Walioshiriki ni pamoja na Walakota, Wacheyenne, Waarapaho, Wacrow na Waarikara. Kiini cha makubaliano kilikuwa hiki: kila taifa litambuliwe kuwa na eneo lake, Marekani iruhusiwe kupitisha barabara na kujenga vituo vya jeshi, na kwa malipo ya uharibifu uliokwisha kutokea, serikali itoe bidhaa za dola 50,000 kila mwaka kwa miaka 50. Pakitokea makosa baina ya watu wa pande hizi mbili, yalipwe fidia. Msomaji aone kwamba hakuna mahali ambapo wenyeji waliuza ardhi. Waliruhusu watu kupita.

Dosari mbili zilijitokeza mapema. Seneti mjini Washington ilipunguza miaka 50 kuwa 10, ikiacha nyongeza ya mitano kwa hiari ya rais, baada ya viongozi wa nyika kuwa wamekwisha weka alama zao. Na mjumbe wa serikali, David Mitchell, alitaka kila taifa liwe na chifu mmoja atakayewajibika kwa wote. Walakota hawakuwa na mtu wa namna hiyo. Walikuwa makundi mengi, kila moja na wazee wake, na kiongozi alifuatwa kwa sababu ya heshima aliyojijengea. Mitchell akamteua Conquering Bear wa kundi la Brulé. Mzee huyo alibebeshwa jukumu ambalo hakuna desturi iliyompa uwezo wa kulitekeleza, na jukumu hilo ndilo lililomuua.

Ng'ombe mmoja

Agosti 1854 msafara wa Wamormoni ulikuwa unapita karibu na kituo. Ng'ombe wao mmoja, aliyekuwa akichechemea, alipotea njia akaingia katika kambi ya Walakota. Mgeni aliyekuwa akikaa kambini hapo, High Forehead wa kundi la Miniconjou, akamuua. Kambi ilikuwa na njaa, wakisubiri bidhaa za mkataba ambazo zilikuwa bado hazijagawiwa.

Mwenye ng'ombe akaenda kushitaki kituoni. Conquering Bear naye akaenda mwenyewe, akajitolea kulipa farasi kutoka katika kundi lake. Kwa mujibu wa mkataba, hapo shauri lilikuwa la kumalizwa na wakala wa serikali, kwa fidia, na si la jeshi kabisa. Lakini tarehe 19 Agosti, Luteni John Grattan, kijana aliyetoka chuo cha kijeshi cha West Point mwaka mmoja tu kabla, aliondoka na askari 29, mizinga miwili na mkalimani ili kumkamata High Forehead. Mkalimani alikuwa amelewa, na badala ya kutafsiri akawa anawatukana wenye kambi. Conquering Bear alikwenda na kurudi kati ya hema la High Forehead na askari, akiomba muda, akiomba aletwe mtu mwingine wa kutafsiri. High Forehead alikataa kujitoa, na chifu wa kuteuliwa hakuwa na mamlaka ya kumlazimisha mgeni wa kundi jingine. Askari wakafyatua risasi. Conquering Bear akapata majeraha yaliyomuua siku chache baadaye. Wapiganaji wa Kilakota wakawamaliza Grattan na watu wake.

Nimekaa na kisa hiki kirefu kwa sababu vitabu vingi vinakiita chanzo cha vita, kama vile ng'ombe ndiye aliyeleta vita. Chanzo ni kwamba kituo kilikuwa na mkataba unaoeleza la kufanya, na ofisa wake akaamua kutoufuata. Mwaka uliofuata, Septemba 1855, Jenerali William Harney aliishambulia kambi ya Walakota wa Little Thunder huko Blue Water Creek, Nebraska, akaua watu 86, wakiwamo wanawake na watoto wengi. Wengine walichukuliwa mateka.

Meza ya mazungumzo, na jeshi linapita nyuma

Miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani niipitie haraka. Askari wa kawaida waliondolewa kwenda mashariki, wakaja wa kujitolea kutoka Ohio na kwingineko. Nguzo za telegrafu zilifika mwaka 1861, na kituo kikawa kinapata habari za Washington siku hiyo hiyo. Ukatili ulizidi pande zote, hasa baada ya askari kuwaua Wacheyenne na Waarapaho huko Sand Creek, Colorado, Novemba 1864.

Kisha dhahabu ikapatikana Montana, na njia mpya, Bozeman, ikakatwa kuelekea huko. Ilipasua katikati ya bonde la mto Powder, eneo bora la kuwinda nyati lililobaki kwa Walakota na Wacheyenne wa kaskazini. Juni 1866 serikali iliwaita Fort Laramie wazungumze kuhusu kuruhusu njia hiyo. Wakati mazungumzo yanaendelea, Kanali Henry Carrington akawasili na askari wapatao 700, waliokuwa na amri ya kwenda kujenga ngome kando ya njia ile ile iliyokuwa ikijadiliwa. Red Cloud, kiongozi wa Waoglala, kundi mojawapo la Walakota, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Aliondoka mkutanoni na watu wake.

Hapo ndipo tofauti kati ya Fort Laramie na ngome za Bozeman inapoonekana. Fort Phil Kearny ilikuwa na ukuta mrefu wa magogo, mizinga na minara, ngome kamili ya sinema. Askari wake hawakuweza kwenda kukata kuni bila kushambuliwa. Tarehe 21 Desemba 1866 Kapteni William Fetterman alitoka nje ya ukuta huo na watu 80, akavutwa ng'ambo ya kilima na wapiganaji wachache waliojifanya wanakimbia, na hakuna aliyerudi. Mjumbe, John Phillips, mtu wa asili ya visiwa vya Azores, alipanda farasi kupitia theluji kilomita zipatazo 380 hadi Fort Laramie. Alifika usiku wa Krismasi, maofisa wakiwa dansini katika ukumbi wa Old Bedlam.

Mkataba wa pili: kilichoandikwa hasa

Vita hivyo Red Cloud alivishinda. Ni moja ya nyakati chache ambapo serikali ya Marekani ilikubali masharti ya taifa la wenyeji baada ya kushindwa vitani, na huwezi kuuelewa mkataba wa 1868 bila kulijua hilo. Tume ya amani, iliyokuwa na majenerali kama William Sherman, ilifika kituoni, na kuanzia tarehe 29 Aprili 1868 baadhi ya viongozi wakaanza kutia saini. Red Cloud alikataa kuja. Alituma ujumbe kwamba atakuja baada ya kuona askari wameondoka bonde la Powder. Majira ya kiangazi ngome tatu za Bozeman zikahamwa, na wapiganaji wakazichoma. Hata hapo hakufanya haraka. Aliwinda kwanza nyama ya majira ya baridi, akafika Fort Laramie mwezi wa Novemba. Ofisa aliyekuwapo aliandika kwamba Red Cloud alijisugua mikono kwa vumbi la sakafu kabla ya kugusa kalamu, akawataka wazungu wote waliokuwamo chumbani nao waiguse.

Mkataba uliandika mambo ambayo yanafaa kusomwa taratibu. Eneo lote la South Dakota ya leo lililoko magharibi mwa mto Missouri, pamoja na milima ya Black Hills, litengwe kwa matumizi ya Walakota peke yao, bila kusumbuliwa na mtu. Nchi ya mto Powder ibaki eneo ambalo halijauzwa, na mzungu asikae humo bila idhini yao. Wawe na haki ya kuwinda hadi North Platte maadamu nyati wapo wa kutosha. Na kifungu cha 12, ambacho ndicho ufunguo wa kila kitu kilichofuata: hakuna sehemu ya eneo lililotengwa itakayoachwa kihalali isipokuwa kwa saini za robo tatu ya wanaume wote watu wazima.

Lakini mkataba huo huo ulikuwa na vifungu vingine, vya shule, vya kilimo, vya kutovuruga reli, vya kuwahamisha watu waende kupokea posho ya chakula karibu na Missouri. Red Cloud alipokwenda Washington mwaka 1870 na kusomewa maandishi yote, alisema hajawahi kuyasikia. Yeye alidhani amekubali amani na kuondoka kwa ngome, na kwamba ataendelea kufanya biashara Fort Laramie kama baba zake. Siwezi kumlaumu. Ndicho alichopigania na ndicho kilichojadiliwa.

Posho kama silaha

Mwaka 1874 msafara wa Luteni Kanali George Custer uliingia Black Hills na kurudi na habari za dhahabu. Mwaka uliofuata msafara wa wanajiolojia wa serikali ulianzia Fort Laramie penyewe kwenda kuhakikisha. Mwanzoni jeshi liliwatoa wachimbaji, kama mkataba ulivyotaka. Kufikia mwisho wa 1875 Rais Ulysses Grant aliamua, faraghani, kwamba jeshi lisiwazuie tena. Wakati huo huo daraja la chuma lilikuwa linajengwa juu ya North Platte, kilomita chache kutoka kituoni. Lilikusudiwa kwa ajili ya jeshi, lakini likawa njia rahisi ya wachimbaji na magari ya abiria kutoka Cheyenne kwenda kwenye dhahabu. Daraja hilo lipo mpaka leo.

Vita vya 1876 vinajulikana kwa sababu ya Little Bighorn, ambako Custer na askari aliokuwa nao waliuawa tarehe 25 Juni. Kilichoamua hatima ya Black Hills hakikutokea huko. Kilitokea Agosti mwaka huo, Bunge lilipopitisha sheria kwamba Walakota hawatapewa posho yoyote mpaka waiachie milima. Nyati walikuwa wanakwisha, bunduki na farasi vimechukuliwa, watu wamefungiwa katika maeneo yaliyosimamiwa na mawakala wa serikali. Maji yalikuwa yamezidi unga. Hata chini ya tishio hilo la njaa, ni kama asilimia 10 tu ya wanaume waliotia saini, mbali kabisa na robo tatu. Bunge likafanya sheria hivyo hivyo, tarehe 28 Februari 1877, na Black Hills ikawa mali ya Marekani.

Baada ya hapo kituo hakikuwa na kazi. Reli ilikuwa imepita Cheyenne tangu 1867, kusini mwake, na mpaka wa makazi ya walowezi ulikuwa umehama. Mwaka 1890 askari wa mwisho waliondoka, na majengo yakauzwa mnadani kwa walowezi, wengi wakiyabomoa kupata mbao. Jimbo la Wyoming liliyanunua yaliyobaki mwaka 1937, na mwaka uliofuata pakawa eneo la kumbukumbu la taifa.

Kwa nini walioshinda hawataki fedha

Katiba ya Marekani inasema mikataba ni sehemu ya sheria kuu ya nchi. Kwa hiyo Walakota hawakuacha. Walifungua kesi mwaka 1923, ikatupwa, wakarudi tena na tena kupitia tume na mahakama mbalimbali. Swali la kisheria lilikuwa hili: je, mwaka 1877 Bunge lilikuwa linasimamia mali ya wenyeji kama mlezi, likibadilisha ardhi kwa posho, au lilikuwa linatwaa mali ya mtu? Ikiwa ni kutwaa, Katiba inadai fidia ya haki.

Tarehe 30 Juni 1980, kwa kura 8 dhidi ya 1, Mahakama ya Juu ilisema lilikuwa linatwaa. Fidia ilikuwa dola milioni 17.1, thamani iliyokadiriwa kwa wakati wa kutwaliwa, pamoja na riba ya asilimia 5 kwa mwaka tangu 1877. Jumla ikapita dola milioni 100. Kwa kulinganisha, mgodi mmoja tu wa Homestake, uliofunguliwa Black Hills wakati wa mbio hizo za dhahabu, ulitoa takriban aunsi milioni 40 za dhahabu kabla ya kufungwa mwaka 2002.

Walakota hawakuzichukua fedha. Fidia ya namna hii kisheria hufunga dai: ukiipokea, umekubali kwamba umeuza. Msimamo wao ni kwamba hawakuuza, na mahakama yenyewe imekiri hivyo, kwa nini basi wasaini leo kile ambacho babu zao walikataa kusaini wakiwa na njaa? Miaka ya 1980 Seneta Bill Bradley alipeleka muswada wa kuwarudishia ardhi ya serikali kuu iliyomo Black Hills, bila kugusa mashamba ya watu binafsi. Haukupita. Fedha zimebaki Hazina, zimezaa riba hadi kupita dola bilioni 1, ingawa baadhi ya maeneo ya Walakota ni miongoni mwa sehemu maskini kuliko zote Marekani.

Mwaka 2016 watu wa Standing Rock, moja ya maeneo yaliyobaki ya Walakota, walipopinga bomba la mafuta kupita chini ya mto Missouri, walisimama juu ya mikataba yote miwili, wa 1851 na wa 1868. Njia ya bomba ilipita nje ya mipaka ya eneo lao la sasa. Ilipita ndani ya mipaka iliyochorwa Horse Creek, mbele ya watu wale 10,000.